Asili ya Neno Meno

Mwanafunzi akiuliza kwa nini wingi wa jino ni meno, ilhali wingi wa jina ni majina, mara nyingi hujibiwa kwamba meno ni neno lisilofuata kanuni. Jibu hilo si sahihi, na ushahidi umo vinywani mwa wasemaji wa Kihaya wa Bukoba na Muleba.

Kihaya husema eliino kwa jino moja na amaino kwa mengi. Irabu ya mwanzo ikiondolewa, hubaki ma-ino, yaani kiambishi cha wingi na mzizi, kila kimoja mahali pake. Katika Kiswahili a na i ziliungana zikawa e. Ndipo likapatikana meno, kama vile meko, wingi wa jiko. Neno lililoacha njia ni majina: humo ji-, iliyokuwa kiambishi cha umoja, imehesabiwa kuwa sehemu ya mzizi. Kiganda, jirani wa Kihaya, bado huyaendesha yote mawili sambamba: erinnyo, amannyo; erinnya, amannya.

Ulinganishi wa namna hii ndio aliotumia Carl Meinhof katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu sauti za lugha za Kibantu. Huko Ulaya nako, tooth la Kiingereza na dens la Kilatini, yote yenye maana ya jino, ni ndugu ingawa hayafanani masikioni: t ya Kiingereza huelekeana na d ya Kilatini, kama katika ten na decem, yaani kumi.

Na macho je? Kihaya husema amaisho. Kanuni ingedai mecho, nalo halimo katika Kiswahili Sanifu.