Taa za kupunguzwa mwanga kwa simu: mwenye duka ajue anachouza

Mwenye duka wa Ntobeye, wilayani Ngara, anayetaka kuuza balbu zinazopunguzwa mwanga kwa simu ajihadhari na hasara moja. Balbu hiyo ina kipokezi ndani yake. Mteja akizima taa ya mezani kwa swichi ya waya, kipokezi nacho hukosa umeme na simu haiamrishi kitu. Mteja hudhani ameuziwa mali mbovu, akairudisha.

Badala yake kuna kidhibiti kinachofungwa kwenye waya wa taa, chenye kitufe chake. Kitufe hicho hakikati umeme wa kipokezi, hutoa amri tu. Hivyo mkono na simu hutumika pamoja, na intaneti ikikatika taa bado hutii kitufe.

Kidhibiti hicho huendana na balbu ya LED iliyoandikwa kuwa hupunguzwa mwanga. Isiyo ya aina hiyo huweza kumetameta. Balbu ya simu isifungwe hapo.

Kabla ya kulipia mzigo, mnunuzi asome maandishi: umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50. Kisha anunue kimoja, azime intaneti, abonyeze kitufe. Taa ikikataa, aache mzigo.