Mchele Mwekundu Uliochachushwa: Yampasayo Kujua Mwanariadha na Familia Yake

Mchele mwekundu uliochachushwa huuzwa kama kirutubisho asilia, na wanamichezo huambiwa kwamba unasafisha mishipa ya damu na kuongeza pumzi. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye mtu anayekimbia, anayecheza mpira au anayenyanyua vyuma, ambaye amenunua vidonge hivyo au anafikiria kuvinunua. Tunasema wazi tangu mwanzo: ndani ya vidonge hivyo mna dawa, na dawa hiyo haimwongezei mwanariadha nguvu.

Unavyotengenezwa

Wachina wameutengeneza kwa karne nyingi. Mchele uliopikwa hupandikizwa kuvu aitwaye Monascus purpureus, kisha huachwa uchachuke mpaka punje zigeuke rangi ya damu ya mzee. Hutumika kutia rangi nyama na tofu, kutengeneza pombe ya mchele, na katika tiba za jadi. Usiuchanganye na mchele mwekundu wa kawaida, ambao wekundu wake uko kwenye pumba. Huo ni chakula, ule bila wasiwasi.

Kuvu huyo anapochachusha mchele hutoa kemikali iitwayo monakolini K. Mwaka 1979 mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliitenga kutoka kwa kuvu wa jamii hiyo. Ikathibitika kuwa ni kitu kilekile kiitwacho lovastatini, dawa ya kushusha lehemu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kwa hiyo ni kweli kwamba mchele huu unaweza kushusha lehemu. Lakini anayeumeza anatumia dawa ya hospitali bila kupimwa, na bila kujua kipimo chake, kwa sababu kiasi cha monakolini hutofautiana sana kati ya bidhaa na bidhaa.

Misuli ndiyo inayoumia

Dawa za kundi hili, yaani statini, hufanya kazi kwenye ini. Hazijengi misuli wala haziongezi damu. Kinyume chake, madhara yake yanayolalamikiwa zaidi ni maumivu na udhaifu wa misuli, na mazoezi makali huweza kuyazidisha. Madaktari wa Austria walifuatilia wanamichezo wa kulipwa 22 waliorithi tatizo la lehemu nyingi. Katika taarifa yao ya mwaka 2004, ni 6 tu walioweza kuvumilia statini. Na mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu wanene waliofanya mazoezi kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi peke yake uwezo wa moyo na mapafu yao uliongezeka kwa asilimia 10. Waliotumia pia simvastatini, ndugu yake lovastatini, waliongeza asilimia 1.5 tu. Inatuuma kuona kijana ambaye hajapimwa lehemu hata siku moja akiuziwa kitu kinachoweza kumpotezea jasho lake.

Hatari kubwa zaidi hutokea mara chache, lakini lazima ijulikane. Misuli ikivunjikavunjika, yaliyomo ndani yake humwagika kwenye damu na kuziba figo. Maumivu yasiyolingana na mazoezi aliyofanya mtu, miguu kukosa nguvu, mkojo mweusi kama chai ya rangi: acha vidonge papo hapo na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, pamoja na vidonge vyenyewe. Usimkande na kumwambia apumzike.

Figo zina adui mwingine pia. Uchachushaji usiosimamiwa vizuri huacha sumu iitwayo sitrinini. Na Machi 2024 kampuni ya Kobayashi Pharmaceutical ya Osaka iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele huu baada ya watumiaji kuugua figo; mamia walilazwa. Uchunguzi ulielekeza kwenye asidi ya puberuli, inayotokana na ukungu mwingine ulioingia wakati wa kutengeneza. Ikiwa yalitokea Japani, penye viwanda vinavyokaguliwa, fikiria kopo lililonunuliwa mtandaoni bila anwani ya mtengenezaji.

Wasiotakiwa kuutumia

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2022, unataka kipimo cha siku kiwe na monakolini chini ya miligramu 3, na lebo iwakataze wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na waliozidi miaka 70. Wanamichezo wa shule, basi, wamo kwenye katazo hilo.

Dawa nyingine huifanya monakolini irundikane mwilini: baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa zenye ritonavir, pamoja na erithromaisini, klarithromaisini na itrakonazoli. Juisi ya balungi nayo hufanya hivyo. Mwenye ugonjwa wa ini asiuguse kabisa.

Mwanariadha mwenye lehemu nyingi kweli, hasa ambaye baba au mama yake alipata ugonjwa wa moyo mapema, asikate tamaa. Aende kliniki apimwe lehemu na ini, na amweleze daktari ratiba yake ya mazoezi. Kuna statini zenye kipimo kinachojulikana, na ikimsumbua moja, daktari anaweza kuibadilisha au kupunguza kipimo. Ambaye tayari ameandikiwa statini asiongeze mchele huu juu yake, kwani atakuwa anameza dozi mbili za dawa za kundi moja.