Somo la mwezi: Mwalimu wa muziki anakusubiri na wewe, mzazi



Shule zinakaribia kufunguliwa, na wiki hizi familia kadhaa zimeniletea ofisini swali moja: mtoto amepewa nafasi ya kujifunza vayolini, selo au piano, je, mzazi atie sahihi au aache? Mimi nasema utie sahihi. Lakini kwanza tujifunze pamoja jinsi walimu wa muziki wa watoto wanavyofanya kazi hapa Marekani, kwa sababu nafasi kama hiyo iliwahi kuingia nyumbani kwetu na tukaipoteza.

1. Barua ambayo hatukuifungua

Tulifika hapa kutoka kambi ya Nyarugusu nikiwa na miaka 19. Mdogo wangu alikuwa na miaka 8. Mwalimu wake wa darasa alimwombea nafasi katika shule ya muziki ya watoto, na hatukutakiwa kulipa ada. Kila Jumamosi mama alimpeleka kwa basi, akamfikisha mlangoni, kisha akasubiri nje, hata siku za theluji. Kwetu mwalimu ni mzazi wa pili. Ukishamkabidhi mtoto unamwachia kazi yake, na kumfuata darasani ni kama kumwambia humwamini. Mama alikuwa anamheshimu mwalimu kwa namna aliyolelewa.

Baridi ilipozidi mabasi yakawa yanachelewa, na mtoto akakosa masomo matatu. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza kidogo nyumbani, lakini niliona aibu kupiga simu. Ikaja barua, tukaiweka kwenye mfuko mmoja na karatasi za matangazo. Baadaye tukaambiwa nafasi imepewa mtoto mwingine. Mdogo wangu akarudisha vayolini.

Niliifungua barua ile miaka miwili baadaye, tulipokuwa tunahama nyumba. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto ana sikio zuri, kwamba hajawahi kumwona mzazi wake hata mara moja, na kwamba tumpigie simu kabla ya tarehe aliyoitaja kama bado tunaitaka nafasi. Nilipomsomea mama, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kumbe ningeruhusiwa kuingia?"

Somo letu lote limo katika swali hilo la mama.

2. Kwa nini mwalimu anamhitaji mzazi

Mwanafunzi mdogo humwona mwalimu wa muziki mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa nusu saa tu. Siku zilizobaki yuko nyumbani. Asiposhika ala yake siku hizo, wiki inayofuata mwalimu anaanza upya.

Walimu wengi wa vayolini na selo, na baadhi ya walimu wa piano, wanafuata njia ya Shinichi Suzuki, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1898. Suzuki aliona kwamba kila mtoto anajua kusema lugha ya mama yake bila kufundishwa kwa kitabu. Anaisikia kila siku, anairudia, anakosea, anasifiwa, anaendelea. Akasema muziki nao unaweza kufundishwa hivyo. Mwaka 1964 alikuja Marekani na wanafunzi wake wadogo, na walimu wengi wa hapa wakavutiwa na njia yake.

Katika njia hiyo mzazi anakaa ndani ya somo, anaangalia, anaandika yale mwalimu anayosema, na nyumbani anafanya mazoezi pamoja na mtoto. Si lazima ujue muziki, na unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kazi yako ni kumkumbusha mtoto, kumsikiliza na kumtia moyo. Wewe umeshamfundisha mwanao Kiswahili, au Kibembe, au Kinyarwanda, kwa njia hiyo hiyo.

Si walimu wote wanaofanya hivyo. Wengine, hasa wanaofundisha watoto wakubwa, wanapenda mzazi asubiri nje. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza: "Niingie, au nisubiri nje?" Swali hilo halimvunjii mwalimu heshima. Hapa, mzazi asiyeuliza chochote anaweza kudhaniwa kuwa hajali.

3. Mambo yanayoweza kukushangaza

Kugusa mkono. Mwalimu wa vayolini anaweza kunyoosha kidole cha mtoto, kiwiko au bega ili ashike ala vizuri. Ni sehemu ya kazi. Hata hivyo, uliza kama walimu wa shule hiyo wamechunguzwa rekodi zao za polisi, na kama unaweza kukaa ndani au kuona kupitia kioo. Walimu wazuri wamezoea maswali haya. Mtoto akikuambia jambo lililomtia wasiwasi, msikilize, kisha utupigie simu.

Sifa nyingi. Mwalimu ataanza kwa kusema "vizuri sana", kisha ataonyesha kosa. Usisikie sifa peke yake. Mwishoni mwa somo uliza: "Wiki hii tufanyie kazi jambo gani moja?"

Macho. Watoto wetu wamefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Hapa mwalimu anaweza kufikiri mtoto hasikilizi. Mweleze mwalimu kwamba kwenu hiyo ni heshima, na umwambie mtoto kwamba darasani anaruhusiwa kumtazama mwalimu usoni.

Imani. Kama kuna wimbo ambao familia yenu haiwezi kuupiga kwa sababu ya dini, mwambie mwalimu mapema. Nyimbo za kujifunzia ni nyingi, atatafuta nyingine.

Mkalimani. Shule ya serikali inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo mnapozungumzia masomo ya mtoto. Shule binafsi ikisema haina, tupigie. Tafadhali usimfanye mtoto awe mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Mimi nimeubeba mzigo huo, na matokeo yake umeyasoma hapo juu.

4. Kutunza ala

Vayolini za watoto zina saizi. Ya mtu mzima inaandikwa 4/4, kisha zinapungua: 3/4, 1/2, 1/4, 1/8, hadi 1/16. Mwalimu ndiye anayempima mtoto mkono. Usinunue kubwa ili aikulie, kama tunavyofanya na viatu, kwa sababu itamwumiza bega na kumharibia mshiko. Uliza kama shule inaazimisha ala. Kama haiazimishi, maduka ya muziki hukodisha kwa mwezi, na mengi hubadilisha saizi mtoto anapokua. Soma mkataba kwanza: ikivunjika, nani analipa?

Usiache ala ya mbao ndani ya gari wakati wa baridi au joto kali, wala usiiweke karibu na hita. Inaweza kupasuka. Usizungushe vigingi vya nyuzi kama hujafundishwa, kwa maana uzi hukatika haraka. Kucha za mtoto ziwe fupi.

Piano ina vibao 88, na hakuna anayetegemea uwe nayo kwenye apatimenti. Watoto wengi huanza na kinanda cha umeme. Muulize mwalimu kipi kinatosha kabla hujatoa pesa. Faida yake nyingine ni kwamba mtoto anaweza kuvaa vifaa vya masikioni, majirani wasisumbuke. Vayolini nayo ina kifaa kidogo cha kupunguza sauti, na bei yake si kubwa.

Kwa anayeanza, dakika 10 au 15 kila siku ni bora kuliko saa nzima Ijumaa usiku.

5. Ada, na siku ya kukosa somo

Shule nyingi za muziki za jamii zina msaada wa ada. Utaombwa kuonyesha kipato: hati za mshahara, barua ya fudi stempu, au barua ya chakula cha bure shuleni. Usione haya. Fedha hizo zimetengwa kwa ajili ya familia kama zetu, lakini fomu ina tarehe ya mwisho.

Mtoto akiugua au basi likikukwamisha, toa taarifa. Shule nyingi zinataka kujua saa 24 kabla. Kama umechelewa, toa hata dakika 20 kabla. Ukiogopa kusema Kiingereza kwa simu, tuma ujumbe mfupi wenye jina la mtoto, siku, na neno "mgonjwa" au "usafiri". Kuna programu za simu za kutafsiri, na sisi pia tupo. Mwalimu anasamehe Kiingereza kibovu. Ukimya hawezi kuuelewa.

6. Je, muziki huu ni wetu?

Mzee mmoja aliniambia, "Hizo ni ngoma za wazungu." Nikamkumbusha kwamba pwani ya Afrika Mashariki fidla inalia katika taarabu tangu zamani, na fidla ndiyo vayolini. Kinshasa nako kuna okestra kamili ya Kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Walianza wakipokezana vayolini chache. Mwanao akishika upinde, hatakuwa wa kwanza kati ya watu wetu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nani kati yetu ataingia darasani na mtoto, na nani atashika zamu akiwa kazini?
2. Ni saa ngapi nyumbani kuna utulivu wa dakika 15?
3. Namba ya simu ya mwalimu iko wapi? Ibandikeni kwenye friji leo.
4. Je, kuna barua yoyote kutoka shuleni ambayo hatujaifungua?

Ukikuta barua kama hiyo, usiitupe. Ije nayo ofisini hata ikiwa ya zamani, tutaisoma pamoja. Na Jumamosi ukimfikisha mtoto kwenye mlango wa mwalimu, gonga, salimia, uingie.