Flashi ilikuwa kwenye mkoba ule ule

Leo tuache kidogo mambo ya picha na matangazo, tuongelee mafaili ya biashara. Somo hili mimi nimeshalilipia ada.

Nauza mashuka na mapazia mtandaoni, na wateja wangu wengi wanalipa kidogo kidogo. Orodha ya nani kalipa ngapi ilikuwa kwenye faili la Excel ndani ya laptopu, na kopi kwenye flashi. Nikajiona mjanja. Siku moja nashuka kwenye daladala, mkoba sina. Laptopu ilikuwemo. Na flashi pia ilikuwemo, mfuko wa pembeni.

Nilikuwa nawadai watu 27. Wiki nzima nikapekua meseji za malipo na chati za WhatsApp, nikapata hesabu za watu 19. Wawili walijileta wenyewe, Mungu awabariki. Mmoja akaniambia, "Dada, mbona mimi nilishamaliza?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Nikasema sawa. Waliobaki, kimya mpaka leo.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Nafuata kanuni ya 3-2-1. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na zingine. Kwangu: faili lenyewe liko kwenye laptopu, la pili kwenye hadidiski ya kuchomeka kwa waya inayokaa kabatini, la tatu Google Drive. Mwizi au moto hauwezi kubeba zote kwa mpigo.

2. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Inapotea, inakufa ghafla, na feki zipo: imeandikwa GB nyingi, ukiijaza unakuta mafaili hayafunguki.

3. Nikimaliza kukopi, nachomoa hadidiski. Ikibaki imechomekwa, kirusi kikiingia kwenye laptopu kinaipitia na yenyewe.

4. Google wanatoa GB 15 bure, ila humo humo ndimo zinamokaa na barua pepe na picha zako. Orodha za oda na madeni ni nyepesi, hazitakumaliza bando. Video za bidhaa ndizo nzito, hizo zipeleke kwenye hadidiski zaidi ya moja. Na angalia: kama folda yako inajipakia yenyewe Drive, ukifuta faili kwenye laptopu, na kule linafutika. Linakaa kwenye pipa la taka siku 30, baada ya hapo limeenda. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi naweka kopi mpya yenye tarehe, kama "Madeni 30 Juni", na ya zamani siigusi.

5. Linda akaunti kwa hatua mbili, lakini ujiulize: simu ikiibiwa pamoja na laptopu, utaingiaje? Google wanakupa namba za akiba za kuingilia. Ziandike kwenye karatasi, uifungie nyumbani.

6. Hili ndilo kubwa kuliko yote: jaribu kuifungua hiyo nakala. Mara ya kwanza nilipojaribu hadidiski yangu kwenye kompyuta ya mdogo wangu, faili likagoma. Kumbe miezi miwili nilikuwa nakopi ile alama yenye kimshale tu, njia ya mkato, faili lenyewe halijatoka kwenye laptopu! Laiti ningesubiri mpaka siku ya kuibiwa tena, ningelia mara ya pili.

Kwa hiyo usiseme "nina bakapu" kama hujawahi kuifungua kwenye kifaa kingine. Usiku huu kabla ya kulala, chukua faili moja tu, lile ambalo likipotea hutajua nani unamdai. Likopi sehemu mbili, kisha lifungue kwa simu ya mtu mwingine. Likifunguka na hesabu zikaonekana, lala salama. Usisahau tu kutoka kwenye akaunti yako kabla ya kumrudishia simu yake.