Kikombe cha kijivu kwenye mzigo wa mtumba: bati, risasi au aluminiamu?

Mimi nauza vyombo vya mtumba mtandaoni nikiwa hapa Tabora, na swali ninaloletewa sana inboksi ni hili: nimekuta kikombe cha kijivu, kizito, hakina kutu, niandike ni cha nini? Wengi wanaandika "silva ya zamani", wanaweka bei ya kubahatisha, basi. Tulia kwanza. Inawezekana umeshika pyuta.

Pyuta ni mchanganyiko wa bati, mara nyingi asilimia 90 na zaidi, uliotiwa antimoni na shaba kidogo. Nikisema bati simaanishi la kuezekea nyumba. Lile ni chuma kilichopakwa zinki, na kopo nalo ni chuma chenye utando mwembamba tu wa bati. Bati lenyewe ni madini, kwetu yanachimbwa Kyerwa mkoani Kagera, na fundi redio analo kwenye waya wake wa kulehemu. Kwenye soko la dunia kilo ya bati ina thamani zaidi ya mara kumi ya kilo ya risasi.

Ndiyo maana Marekani wapo watu wanaopekua maduka ya mitumba wakitafuta pyuta waiyeyushe. Wanatia kidogo kwenye risasi ili ikimiminwa ijae vizuri kwenye kalibu ya kutengenezea risasi za bunduki. (Kiswahili chetu kimemaliza kazi: madini ni risasi, na kinachotoka kwenye bunduki ni risasi.) Kwetu huko usiende, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Wewe uza chombo.

Na kuokoteza madini Tabora si jambo geni. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu kwenye karakana ya reli pale Lulanguru. Ya rupia 15 yenye tembo ilikuwa dhahabu. Za heller 20 zilikuwa shaba, nyingine shaba ya manjano iliyotokana na vyuma vya kuokoteza, maganda ya mizinga yakiwemo. Zote mbili zimetoka Tabora, mwaka mmoja, na bei zake ni mbingu na ardhi. Asiyejua madini anaibiwa, au anamwibia mteja bila kukusudia.

Turudi kwenye kikombe. Kigeuze usome kitako. Pewter, Zinn ya Kijerumani, Étain ya Kifaransa, Tenn ya Kiswidi: zote ni habari njema. EPNS siyo, hiyo ni nikeli na shaba iliyopakwa fedha. Sumaku ikinata, ni chuma. Kisugue kwenye karatasi nyeupe: kikiacha mstari mweusi kama penseli, shuku risasi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Pima chombo kwenye mzani wa jikoni, tuseme gramu 365. Weka bakuli la maji kwenye mzani, rudisha sifuri, kisha ning'iniza chombo kwa uzi kizame chote bila kugusa bakuli. Mzani ukisoma 50, gawanya 365 kwa 50, unapata 7.3. Hilo ni bati. Aluminiamu inatoa 2.7, risasi 11.3, na pyuta ikipita 8 ujue ina risasi ndani. Zinki ndiyo msumbufu, inatoa 7.1. Hapo mwombe fundi aguse kitako kidogo kwa pasi ya kulehemu: bati linayeyuka nyuzi 232, zinki hadi 419, pasi ya kawaida haifiki. Ila usimguseshe chombo chenye mhuri mzuri, kovu linashusha bei. Wala usiyeyushe chochote kwenye jiko la nyumbani, risasi ni sumu na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Hiyo sumu ndiyo inayonifanya niwe mkali kwenye maelezo ya posti. Pyuta ya zamani yenye risasi ikikaa na juisi ya ndimu au pombe, risasi inaingia kwenye kinywaji. Mteja hawezi kuiona kwenye picha. Mimi huandika hivi, nakili ukitaka:

"Kikombe cha pyuta, mtumba, gramu 365, mhuri wa Zinn kitakoni (picha ya 3). Nimekipima kwa maji: 7.3. Kina mbonyeo mmoja karibu na mkono. Nauza kama pambo, si cha kunywea."