Makazi ya Dumuzi

Chukua hindi kavu lililokaa ghalani miezi kadhaa. Litikise. Unga ukimwagika, lipasue ulichunguze vizuri. Huenda ukamwona mdudu mweusi, urefu wake milimita 3 au 4, umbo kama pipa dogo. Huyo ni dumuzi. Anaweza kugeuza akiba ya familia nzima kuwa vumbi kabla ya mavuno mengine.

Dumuzi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Katika Tanzania alionekana kwanza mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ana mabawa, lakini safari zake ndefu huzifanya ndani ya magunia. Wakulima walimpa jina la Scania, kama malori, na jina hilo linamfaa. Mwaka 1983 alikwisha fika Taveta, Kenya.

Wadudu wengi wa ghalani hudhoofika nafaka ikikauka sana. Dumuzi huvumilia. Hupenda joto la nyuzi 30 hivi, na hula mahindi makavu na makopa ya muhogo.

Je, ghala likiwa tupu huenda wapi? Huruka porini, akatoboa matawi makavu na kuishi humo. Kwa hiyo hata ghala lililofagiliwa vizuri huvamiwa tena kutoka msituni.

Kazi ya kufanya: Tia vijiti vikavu vyenye matundu katika chupa. Funika mdomo wake kwa kitambaa. Je, unga wa mti unaanguka?