Kuruta, Askari, Afande: Ni Nani Mwenye Haki ya Jina?

Ndugu msomaji, hebu tega sikio siku moja tu hapa kwetu Eastlands, uhesabu vyeo unavyosikia kabla ya kengele ya kwanza ya shule. Polisi akisimamisha matatu kwenye Barabara ya Jogoo, utingo anaruka chini na kuita, "Afande, habari ya asubuhi, afande!" Mlinzi anayefungua lango la ploti anaitwa soja. Mama anayepanga nyanya zake kando ya njia akisikia mtu amepiga kelele, "Kanjo!" anakunja gunia na kutimua mbio, kwa maana askari wa jiji wamefika. Afande, soja, askari. Wote watatu wamevikwa majina ya jeshini, na pengine ni yule wa kwanza peke yake aliyewahi kulala katika kambi ya mafunzo.

Katika somo letu la mwaka huu nataka tuyachunguze maneno haya: yalitoka wapi, na mtu hufanya nini ndipo astahili kuitwa hivyo. Wengi wetu huyatumia ovyo ovyo tu.

Tuanze na neno lililo chini kabisa, yaani kuruta. Hili tumelipata kutoka kwa Kiingereza, nalo lina maana ya mtu aliyeandikishwa lakini bado hajahitimu. Angalia vizuri hapo. Kijana anaweza kuchaguliwa uwanjani, akanyolewa kipara, akapewa magwanda na buti, na bado asiwe askari. Kwanza hapo uwanjani penyewe si mchezo. Jeshi letu likija kuandikisha, vijana wa miaka 18 na kuendelea hupimwa urefu na uzito, hukaguliwa meno na nyayo, kisha hukimbizwa. Wachache wanaobaki ndio wanaopelekwa Eldoret, kwenye shule ya kufunza makuruta.

Huko Eldoret jina lako la nyumbani halina kazi. Unaitwa kuruta, na kuruta hatembei, anakimbia: anakimbilia chakula, anakimbilia kwata, anakimbilia adhabu. Anaamshwa kungali giza, na baridi ya Uasin Gishu si ya kuchekewa. Kitanda kikitandikwa vibaya kinavurugwa na kutandikwa upya, hata mara tano. Mwenzako akikosa, mnaadhibiwa nyote. Watu wa nje huona huo ni ukatili tu, na kweli yako mambo ya zamani ambayo yalikuwa ukatili mtupu, lakini nia yake inaeleweka: yule ambaye siku moja atalinda mgongo wa mwenziwe lazima azoee kuumia kwa kosa la mwenziwe. Baada ya miezi hiyo ndipo huja gwaride la kufuzu, ambalo mara nyingi hukaguliwa na Rais mwenyewe. Makuruta hula kiapo, na wanaopita jukwaani siku hiyo si makuruta tena. Kuanzia hapo ni askari. Jina hilo hawakuzawadiwa. Wamelilipia kwa jasho.

Sisi watu wa Eastlands hatuna haja ya kufunga safari hadi Eldoret kuyajua haya. Embakasi hapo kuna vyuo vya polisi, na makuruta wa polisi nao wanapitia moto wao. Wazazi na walimu wetu wengine pia wana yao ya kusimulia, kwani kuanzia mwaka wa 1984, kwa miaka kadhaa, kila aliyekuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu alitakiwa kwanza apitie mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kule Gilgil. Muulize mwalimu aliyepitia huko, utaona atakavyocheka kwanza kabla ya kujibu.

Ndiyo maana inaudhi kusikia, karibu kila mara makuruta wanapoitwa Eldoret, kwamba kuna vijana waliokamatwa langoni wakiwa na barua bandia. Familia imeuza ng'ombe au shamba, pesa zimeliwa na tapeli, na kijana amefika na sanduku lake akidhani jina la askari linanunuliwa kama mtumba pale Gikomba.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Askari ni neno la Kiarabu, na maana yake ni mtu wa jeshi. Afande nalo limesafiri mbali zaidi. Lilikuwa neno la heshima la Waturuki, efendi, yaani bwana. Dola la Waturuki lilipotawala Misri, na Misri ikatawala Sudan, neno likaingia jeshini huko. Mwaka wa 1891 Mwingereza Lugard aliwachukua wanajeshi wa Kisudani waliokuwa wamesalia kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, akawaingiza katika jeshi lake Uganda. Kutoka kwa watu kama hao ndipo lilipoundwa jeshi la King's African Rifles mwaka wa 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Kamusi za zamani bado zina neno ombasha, yaani koplo. Kwa Kituruki hilo ni "mkuu wa watu kumi". Kwa hiyo utingo anapoita "afande" pale Jogoo Road anatamka neno la Istanbul bila kujua!

Na cheo hicho hakikuwa cha mchezo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, effendi kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kufikia katika Keya. Idi Amin wa Uganda alikipata mwaka wa 1959. Afisa kamili alikuwa mzungu.

Lakini, ndugu msomaji, kuna watu walioteseka kuliko makuruta wote, na hawakupewa jina la askari hata siku moja. Hao wako karibu nasi sana. Panda gari la kwenda mjini kupitia Pumwani, na utasikia utingo akiita, "Kariokor! Kariokor!"

Kariokor ni Kiingereza kilichokosa kutamkika: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza walikabiliana na Wajerumani wa Tanganyika katika nchi isiyokuwa na barabara. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Ikabidi risasi, mahindi na hata vipande vya mizinga vibebwe kichwani na binadamu. Hapo mwanzo wengine walijiandikisha kwa hiari. Kuanzia 1915 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha, na mwaka wa 1917 wanaume walisombwa vijijini kwa maelfu. Kambi yao Nairobi ilikuwa pale ambapo leo tunanunua viondo na nyama choma. Kule Dar es Salaam pia wapagazi walikuwa na kambi, na ndiyo sababu nako kuna Kariakoo.

Linganisha sasa. Keya walikuwa kama askari 2,300 vita vilipoanza, na zaidi ya 30,000 vilipokwisha. Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza, ukijumlisha nchi zote za eneo hili, walikaribia milioni moja. Mpagazi hakufundishwa kwata wala kula kiapo chochote cha kujivunia. Alipewa mzigo wa ratili 50 hivi, blanketi, na unga ambao mara nyingi haukuiva na tumbo lake halikuuzoea. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walikuwa karibu 95,000. Hiyo ni mara tatu ya askari wote wa Keya katika mwaka wa mwisho wa vita.

Je, walipata nini? Wasudani wa Keya waliostaafu walipewa mahali pa kukaa, na hapo ndipo Kibera ilipoanzia, ingawa hata wao walihangaishwa kuhusu hati kwa karibu miaka mia moja. Mpagazi hakupata hata alama ya kaburi. Katika mnara wa Kenyatta Avenue, uliojengwa miaka ya 1920, yumo mpagazi miongoni mwa zile sanamu tatu za shaba, lakini hana jina. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi hadharani. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maofisa wa zamani waliona ya nini kuandika jina la mpagazi. Mzungu aliandikwa kwenye jiwe lake peke yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba jina hupatikana kwa taabu. Kama ingekuwa ni taabu peke yake, basi wale wa Kariokor wangekuwa majenerali. Kuruta wa Eldoret huteswa akijua siku ya gwaride inakuja, na kuna mtu atakayesimama jukwaani kumpigia saluti. Mpagazi hakuwa na mtu huyo.

Zoezi kwa wanachama: kabla ya mkutano wetu ujao, chagua jina moja la mtaa au soko hapa kwetu lililotokana na vita. Soko la Burma ni mojawapo, lakini msilichague nyote. Waulize wazee wa hapo wanalieleza vipi, uandike maneno yao kama walivyoyatamka, hata kama si Kiswahili sanifu. Na mwenye babu au nyanya anayekumbuka jina la mtu wa ukoo aliyechukuliwa "kariakoo" asirudi, aliandike jina hilo kamili, na la kijiji alikotoka. Tutayachapisha katika toleo lijalo.